Dogi Iko na Paspoti, Mimi Niko na Funguo

Mimi sina paspoti. Dogi yenye naishi nayo wiki hii iko nayo: kakitabu ka bluu, nyota za Ulaya kwa kava, jina, siku ya kuzaliwa, nambari ya chipu yenye iko chini ya ngozi, na stika za sindano zote imewahi dungwa. Inaitwa Gaston. Mimi mbali kabisa nimefika ni Namanga, na hata huko sikuvuka boda. Wenyewe wameenda kwao Lyon kucheki wazazi, Gaston imebaki na mimi Lavington, na kila siku saa kumi na mbili jioni inaenda kukaa kwa mlango ikingoja ndai yenye sai imepakiwa JKIA.

Hii ndio mboka yangu. Watu wakitoka, mimi naingia. Nalala kwa keja yao, nalisha dogi ama paka, nawasha taa ndio wezi wajue kuna mtu, namwagilia maua maji, na natuma picha WhatsApp asubuhi na jioni. Mathe huambia wamama wa chama ati "anafanyia wazungu", na hapo stori inaishia.

Wasee wengi hudhani hii ni kazi ya kupenda wanyama. Kupenda inasaidia, lakini chenye nauza ni kingine kabisa: mtu akiwa Lyon saa nane usiku asishtuke akiwaza kama geti ilifungwa. Usingizi wake ndio ananunua. Dogi moja mzima huwa nachaji thao na punch kwa usiku. Kapapi ni thao mbili, juu kapapi hakalali na hakuna mtu atalala kakiwa macho. Paka ni thao, na paka mbili ni thao vilevile, zinachungana zenyewe. Nusu inaingia M-Pesa kabla wenyewe wapande ndege. Hapo kwa nusu hatubargain.

Mimi ni wa Kawangware, hapo 56. Kutoka kwetu hadi mageti ya Lavington ni mguu tu, huhitaji hata kupanda 46. Unapita vibanda vya chapo na mutura, unapita mafundi wa viatu na wale wa kuchaji simu, alafu ghafla lami inakuwa laini, ua inakuwa ndefu, na kelele inakatika. Miaka yote Lavington nilikuwa naijua kwa ukuta. Sai najua keja gani jenereta inawaka yenyewe stima ikipotea, keja gani iko na kisima, na keja gani wanakunywa maji ya chupa na bado wanaosha dogi na maji ya chupa.

Dogi ya kwetu haina mwenyewe mmoja, ni ya ploti nzima. Inakula chenye kimebaki, inabweka usiku, na inajua nani ni wa ploti na nani ni karao amevaa nguo za raia. Ng'ambo ya pili ya barabara dogi iko na tembe ya kuzuia kupe, moja inaweza maliza thao mbili na zaidi. Iko na shampuu. Iko na brashi ya meno, buda. Kitambo niliona hiyo yote ni madharau tu ya watu wenye doh. Alafu nikaona homa ya kupe na macho yangu. Dogi ilikuwa inaruka ukuta Jumatatu, kufika Alhamisi haiwezi panda ngazi mbili, kupe ameiachia ugonjwa kwa damu. Siku hizi nikishika dogi mpya kitu ya kwanza nainua mdomo nicheki fizi. Zikiwa pinki tuko sawa. Zikiwa nyeupe napigia daktari kabla nivue viatu. Brashi ya meno bado sijaielewa.

Sasa, kabla ufikie dogi lazima umalizane na soja. Soja wa Nairobi anasoma viatu. Ukikuja kwa mguu, na njumu ziko na vumbi, unaandikwa kwa kile kitabu kikubwa: jina, nambari ya kitambulisho, saa ya kuingia, unaona nani, kazi gani. Kuna apatimenti moja Kileleshwa mzee wa geti alishika kalamu akanicheki juu hadi chini.

"Kijana, kazi gani?"

"Nakuja kukaa na paka, mzee."

"Paka ya nani?"

"Ya madam wa 4B."

"Madam amesafiri."

"Ndio, mzee. Ndio maana nimekuja."

Akafikiria. Akacheki begi yangu, akacheki kitabu, alafu akaandika FUNDI. Mpaka leo kwa hiyo kompaundi mimi ni Fundi. Juzi mama wa 2A alinisimamisha kwa ngazi akanisho sinki yake haipitishi maji. Nikaicheki. Ilikuwa imeziba na nywele. Jirongo hiyo.

Lakini soja ndiye beshte wa kwanza unatafuta, na sisemi hivyo juu ya adabu pekee. Wezi wa huku kabla waruke ukuta hutupa nyama yenye sumu ndani, wanangoja, alafu wanaingia kwa raha zao. Kwa hivyo asubuhi, kabla nifungulie dogi, mimi na soja wa usiku tunatembea kando ya ukuta tukicheki nyasi. Yeye na tochi, mimi na fimbo. Kitu yoyote yenye hatukuweka sisi inaokotwa: kipande cha soseji, mkate, hata mfupa safi. Nikifika mahali na soja anasema hiyo ya ukuta si kazi yake, najua usiku wangu utakuwa mrefu, nafungia dogi ndani. Ukiwa Karen unafungia dogi ndani hata soja akiwa malaika, juu huko ni karibu na Nairobi National Park, chui huwa wanatembea, na chui akiona dogi anaona dishi.

Mtu mgumu si soja. Mtu mgumu ni Auntie.

Kwa keja nyingi nakuta Auntie. Yeye ndiye amelea watoi wa hapo, ndiye anajua stopkoki ya maji iko wapi, ndiye anajua bosi na madam wakikosana nani hulala wapi. Analala SQ nyuma. Alafu siku moja anaambiwa kuna kijana atakuja alale ndani, kitanda cha wageni, akae na mbwa. Kuna mmoja Loresho alinipokea na mikono imekunjwa, amesimama kwa mlango wa jikoni.

"Kwa hivyo ni wewe umekuja kulisha Bruno."

"Ni mimi, Auntie."

"Na mimi miaka tisa nimekuwa nikilisha nani?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakuwa anangoja jibu. Hebu piga hesabu na mimi. Kima cha chini cha mshahara kwa mfanyikazi wa nyumba Nairobi, kilipoongezwa Novemba 2024, kilifika shilingi 16,113 na senti. Wengi hawafikishi hata hiyo. Usiku wangu kumi na moja unapita mwezi wake mzima, na huo mwezi wake uko na kufua, kupiga pasi, kupika, kuamsha watoi wa shule, na huyo Bruno mwenyewe. Hakuna mtu alimwambia nalipwa ngapi. Alijua. Wanajuanga.

Wateja wakiulizwa mbona hawamwachii Auntie kazi wampe hiyo doh, wanasema anaogopa mbwa, ama hajui mambo ya dawa, ama "tunataka apumzike". Hiyo ya kupumzika ndio inanichekesha zaidi. Bruno alikuwa na tembe ya moyo, na madam alikuwa ameandika kwa karatasi iingizwe ndani ya jibini. Jioni ya kwanza Bruno ilikula jibini yote ikatema tembe safi kabisa kwa kapeti. Mara ya pili, vilevile. Auntie alikuwa anacheki kutoka jikoni, hasemi kitu. Alafu akatoa kipande cha matumbo kwa friji, akakunjia tembe ndani, akaniwekea kwa mkono. Bruno ilimeza hata haikutafuna. "Hiyo jibini ni ya madam kuandika," akanisho. Tangu hapo nikifika kwa keja yenye kuna Auntie, jikoni si yangu, sufuria sigusi, nanunua unga na sukari bila kutumwa, na karatasi ya madam namsomea yeye kwanza aniambie yenye ni ukweli na yenye ni ndoto. Na mteja akinipigia simu mara ya kwanza namwomba aongeze Auntie kitu kabla mimi nikuje. Kuna wenye hunielewa. Kuna wenye husema hayo ni mambo ya nyumba yao. Hao huwa sirudi kwao, hata kama keja iko na swimingi.

Kalenda yangu inaenda kinyume na ya kila mtu. Juni shule za kimataifa zikifunga, walami wanaruka. Desemba ni zamu ya Wakenya: wiki ile ya kuelekea Krismasi jiji inahamia ocha na Mombasa, na simu yangu inalia hadi betri inakufa. Februari na Mei ni msoto, unaweza nipata nikila madondo kwa kibanda nikihesabu chapo. Kwa hivyo Krismasi hunipata kwa keja ya mtu, na mathe akipiga simu naenda mbali na dogi ndio asiskie inabweka aanze kuniuliza kama hata leo niko kazi.

Nyuyia ndio noma zaidi. Fataki zikianza, dogi yenye imetisha mtaa mzima mwaka mzima inatafuta mahali pa kujificha, na ikikosa inaruka ua, inapita mtaro, unaenda kuipata Kangemi. Vitu kama hizo zinarudi tena wakati wa Diwali, ukiwa na mteja Parklands ama pande za Westlands. Fomu yangu ni moja: napeleka dogi mbio kabla giza iingie, nailisha mapema, nafunga madirisha na mapazia, naweka ngoma kubwa, alafu tunaingia bafu ya katikati yenye haina dirisha. Mwaka mpya uliopita niliungojea kwa sakafu ya choo, rotwaila ya kilo hamsini imenikalia mapajani ikitetemeka. Mabeshte walikuwa wananitumia vidio kutoka rufu fulani ya Kilimani. Nikawatumia picha ya rotwaila.

Hao mabeshte ndio pia wanajua kuniletea balaa. Wakiskia niko na keja ya vyumba vitano, waifai, na maji moto, kuna mtu lazima aulize kama "wasee kadhaa" wanaweza pitia. Wasee kadhaa ni mbogi ya watu ishirini na spika. Jibu langu ni hapana, na si ati mimi ni mtakatifu. Siku hizi kila keja iko na kamera. Nimewahi kaa kwa kochi nimechoka, miguu juu, simu ikaingia kutoka Dubai: "Habari, naona uko sawa, lakini Coco haruhusiwi hapo kwa mto wa bluu." Sauti tamu, hasira hakuna. Niliinua Coco na nikashusha miguu pia. Tangu hiyo siku huuliza kabla nikubali kazi kamera ziko wapi, na kama kuna moja inaangalia penye nalala ama kuoga, izimwe ama nijitoe. Kuna mteja mmoja alikasirika. Wengine wote walisema hawakuwa wamefikiria, na mimi nawaamini nusu.

Kutembeza dogi ndio sehemu naipenda. Karura asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, ukungu haujatoka na kima ziko juu ya miti zikikutukana. Dogi lazima iwe na kamba, hiyo ni sheria ya msitu, na iko na maana juu kuna paa wadogo huko ndani na dogi ya Runda haijawahi fundishwa paa si mpira. Huo msitu ulikuwa ugawiwe watu wajenge manyumba, na Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo Januari 1999, yeye akapasuliwa kichwa, ndio sai mimi nipate mahali pa kuzungusha Labrado nikilipwa. Huwa nawaza hivyo nikiwa nimeinama naokota mavi.

Na hiyo ya mavi iko na stori yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 28 Agosti 2017, na ukishikwa nayo faini inaweza fika milioni nne ama jela miaka minne. Kutoka Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya misitu na mbuga. Sasa klayenti anatoka Uingereza na rolo za vimifuko vya mavi, vya pinki, vimeandikwa majina ya kupendeza, anaziweka kwa droo ananiambia nitumie. Milioni nne, juu ya mavi ya Labrado? Mimi natembea na gazeti. Ile ya Jumamosi ndio nono, karatasi mob.

Paka sitaongea sana, juu paka haziniongeleshi pia. Ukiingia inapotea siku mbili tatu, unaona tu dishi imepungua na sanduku la mchanga limetumika. Usiitafute. Kaa kwa sakafu, soma kitu, ijifanye haikuoni. Shida ya paka ni ile huioni: maua ya lili yenye mteja ameachiwa na wageni kwa jagi. Paka ikilamba hata unga wa hayo maua figo zinaweza enda. Panadol nayo inaua paka, nusu tembe tu inatosha, na kuna watu huipea wakidhani wanasaidia. Kwa hivyo nikiingia kwa keja ya paka naanza na maua: lili zinatoka, zinaenda kwa soja ampelekee mama watoto. Wamama wa masoja wa Kileleshwa wananipenda sana na hawanijui.

Kasuku nimekataa. Kuna msee alinipigia ati ako na kasuku wa kijivu, anaongea, anaimba, nikae naye mwezi mzima, doh mzuri. Nikamuuliza makaratasi. Hao kasuku wa kijivu wako kwa ile orodha ya juu ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama pori, tangu 2017, na Kenya ukifuga ndege wa hivyo KWS lazima wajue. Akanisho, "Wewe njoo tu, makaratasi tutaona." Sikuenda kuona.

Makaratasi ndio kitu nimekuwa mkali nayo, kuliko hata doh. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa nataka kuiona kwa macho, si kwa mdomo. Kuna klayenti wa Kitisuru alinicheki vibaya, ati Spitz yake haitokangi nje, itapata kichaa wapi? Nikamsho, mama, paka ya jirani inaruka ukuta, mbwa wa barabarani wanapitia chini ya geti, na mimi mkono ni huu mmoja wa kazi. Kichaa cha mbwa kikishaanza kukuonyesha dalili, hakuna hospitali itakurudisha. Serikali ilianza mpango mwaka 2014 ikitaka kufikia 2030 hakuna Mkenya anakufa na hii kitu, na kitu yenyewe inazuiwa na sindano ya mbwa. Mimi mwenyewe nilidungwa mapema, na bado ikiniuma dogi nisiyoijua ni kuosha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, alafu mbio hospitali. Dakika kumi na tano ni ndefu, jaribu siku moja. Wasee wengi huosha sekunde tano wanapaka pilipili ama mafuta ya taa. Huyo mama wa Spitz alienda akaidunga siku hiyo hiyo, akaniletea kadi amenuna. Spitz na mimi tulielewana vizuri.

Alafu ikakuja 2025.

Nimesema mboka yangu inakula kwa safari za wengine. Lakini hizo safari zote ziko na tiketi ya kurudi. Januari hiyo Marekani ilisimamisha pesa za misaada, na kufikia 1 Julai USAID ilikuwa imefungwa kabisa. Mimi siasa siingilii, naongea chenye niliona Gigiri, Runda na Rosslyn. Nilianza kupata simu tofauti. Hakuna mtu aliuliza kama niko huru wikendi. Walikuwa wanauliza kama najua mtu anataka friji, kochi, baisikeli za watoi, dogi. Mlami mmoja akipaki, Auntie amepoteza, shambaboi amepoteza, dereva amepoteza, soja anangoja kuona mpangaji mpya, na mimi niko mwisho wa hiyo laini nikishikilia kamba.

Na dogi si friji, huwezi iuza na ukasahau. Kuipeleka Marekani kutoka hapa ni hesabu. Kenya iko kwa orodha ya CDC ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na tangu 1 Agosti 2024 wamekaza: dogi lazima iwe imefikisha miezi sita, iko na chipu, iko na makaratasi ya chanjo yamenyooka, na haiwezi shuka tu popote. Ulaya nayo ukitokea huku unataka kipimo cha damu, alafu unangoja miezi mitatu kabla uruhusiwe. Nilizunguka sana ofisi za mifugo za Kabete na kwa madaktari wa mifugo hiyo miezi, nikibeba mafaili ya dogi za watu. Gaston na kitabu yake ya bluu ni mtoi wa tajiri hapo.

Biscotti haikuwa na bahati. Ilikuwa kapapi ka miezi minne, nusu Ridgeback nusu sijui, mwenyewe alikuwa mdada wa Marekani kwa mradi fulani wa afya. Mkataba umekatwa, keja inarudishwa, na dogi haijafikisha miezi sita. Alijaribu kila mtu. Alinipigia usiku analia, na mimi nikiwa kwa keja yangu ya 56 yenye mwenye ploti amekataza hata kuku nikasema nitajaribu ocha.

Ocha kwetu ni Ol Kalou. Mathe alirudi huko akaachana na biashara ya mboga hapa Nairobi. Nilipanda matatu Nyamakima na Biscotti ndani ya kreti, na makanga akanisho hiyo ni kiti ya mtu, lipa. Nikalipa. Mathe alifungua geti akacheki kreti, akanicheki mimi.

"Hii ni nini umeniletea?"

"Ni dogi, mathe. Inaitwa Biscotti."

"Biskoti ni ya chai. Hii itaitwa Simba."

Ikaitwa Simba. Siku za kwanza ilikataa ugali, inanusa inaenda kukaa mbali imegeuza uso. Nilikuwa nimeacha gunia la dishi yake ya dukani nikamwambia mathe aichanganye polepole. Mathe alipea kuku nusu ya gunia wiki hiyo hiyo. Kufika wikendi Simba ilikuwa inakula ugali na omena na inalamba sufuria, na baridi ya Ol Kalou imeiotesha manyoya yenye Runda haikuwa nayo. Yule mdada ako kwao sai, anatafuta kazi, na bado anatuma thao tatu kila mwezi ya dogi. Nilimwambia aache, hatuhitaji. Akakataa kabisa. Hiyo doh mathe ameielewa kwa njia yake: anasema Simba ndio mtoto wake wa kwanza kutuma pesa bila kukumbushwa, na juzi imelipa daktari wa ng'ombe.

Kazi imerudi kiasi. Wakenya ndio wengi sai kwa simu yangu, wale wa Kilimani na Syokimau wenye wamenunua Spitz wakati wa korona na wamegundua Spitz haiendi Diani. Wanabargain kuliko walami, lakini wanarudi nyumbani.

Sasa niko na shida, na ndio maana nataka mtu wa kunishikia kazi. Mathe ameapa nisipofika Ol Kalou Krismasi hii, Simba inalala kwa kitanda changu. Lakini tayari niko na Runda kuanzia tarehe 20 Desemba hadi nyuyia: Ridgeback mbili kubwa na paka mmoja kipofu mwenye hataki vitu visongeshwe. Natafuta msee, msupa ama chali, sijali. Usiwe unaogopa dogi, na usiwe unajifanya huogopi, zinajua. Uwe umedungwa ama uko tayari kudungwa. Usiposti keja. Auntie wa hapo anaitwa "mama", si kwa jina, na chai yake usikatae. Fataki zikianza unajua bafu iko wapi, nitakuonyesha. Malipo ya usiku ni yako yote, mimi nakata soo mbili tu ya kukuunganisha.

Sawa, soo na hamsini. Lakini gazeti la mavi unajinunulia.